Shamba linaongea: majibu ya maswali yenu kuhusu afya ya udongo

Habari zenu wasomaji. Mwezi huu barua zimejaa udongo, na nyingi zimetoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Nadhani ni sababu maonyesho ya kilimo ya Nane Nane yameisha, watu wamepita pale viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya wakaona vipimo na mbolea za kila rangi, wakarudi nyumbani na maswali. Nimefurahi sana maana huu ndo wakati wenyewe, shamba limeshavunwa, mvua bado, ukipima sasa unapata majibu kabla hujanunua hata kilo moja ya mbolea. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu nusu ya barua zote zinauliza hilohilo kwa maneno tofauti.

Swali: Habari ya kazi mtaalamu. Nalima mahindi huku juu ya Mbalizi, eka mbili na nusu. Kila mwaka natia mbolea ya DAP mfuko mmoja kwa eka alafu nakuzia na urea, zamani nilikua napata gunia 20 kwa eka, msimu huu nimepata 11. Jirani mmoja anasema udongo umechoka nitafute shamba lingine, mwingine anasema niongeze mbolea. Nitajuaje kama kweli umechoka kabla sijatoa hela ya maabara? (Msomaji, Mbeya Vijijini)

Jibu: Pole kaka, na nashukuru umeuliza kabla hujahama. Neno "umechoka" tunalitumia wote ila ndani yake kuna magonjwa matatu. La kwanza chakula kimepungua, naitrojeni, fosforasi, potashi na wenzake. La pili tindikali imezidi, chakula kinaweza kuwepo lakini mmea haukipati. La tatu udongo wenyewe umepoteza uhai, umeshikana, mboji imeisha, wadudu hakuna, maji yanapita juu juu na mizizi haishuki. Mbolea ya dukani inatibu lile la kwanza tu, na kama unaumwa la pili, urea na DAP za kila mwaka ndo zinazidi kukuumiza maana zenyewe zinaongeza tindikali, kwahiyo huyo jirani wa kuongeza mbolea naomba umsubirishe kidogo.

Anza na sepetu. Chagua sehemu mbili, moja katikati ya shamba pale mahindi yalipokua dhaifu, nyingine mpakani kwenye majani ambako jembe halijapita miaka mingi. Hii ya mpakani usiiruke, ndo inakuonyesha udongo huohuo ulikuaje kabla hatujaanza kuulima, bila hio utakua unaangalia shimo tu. Chimba mraba wa sentimita 20 kwa 20, kwenda chini 20 mpaka 30, inua bonge zima uliweke juu ya kiroba kitupu alafu livunje taratibu kwa mikono. Wa mpakani mara nyingi unamomonyoka vipunje vipunje kama ulezi na mtama vimechanganywa, una vitundu, umeshikwa na mizizi myembamba kama nywele. Wa shambani kama unaumwa unatoka mabonge yenye kona kali kama tofali lililovunjika, na ukilipasua bonge ndani hamna mzizi hata mmoja. Sasa nusa vyote viwili. Udongo ulio hai, ukiulowesha kidogo, una ile harufu ya mvua ya kwanza, na harufu hio inatengenezwa na bakteria wanaoishi humohumo, kwahiyo ukiisikia ujue wenye nyumba wapo. Ukinuka kama yai viza, hewa haipiti.

Alafu ng'oa mabua matatu manne yaliyobaki uangalie mizizi. Mzizi mzuri unashuka. Ukikuta umeshuka kama kiganja kimoja hivi kisha umepinda kwenda pembeni kama kiwiko, chini pana tabaka gumu, na hilo mara nyingi linaletwa na plau ya ng'ombe au trekta kupita kina kilekile miaka kumi mfululizo. Mbolea haitoboi hilo tabaka kaka, hapo dawa ni kulipasua na kupanda kitu chenye mizizi mirefu kama mbaazi, kwa sehemu zinazostawi, au kuchimba mashimo ya kupandia yenye kina.

Kipimo kingine kinahitaji glasi mbili za maji tu. Chukua bonge kavu la ukubwa wa yai kutoka shambani na lingine kutoka mpakani, yakauke kabisa kivulini, kisha lizamishe kila moja taratibu kwenye glasi yake. Kaa uangalie dakika tano. Lenye mboji linabaki limesimama, linatoa viputo kidogo, maji yanabaki masafi. Lisilo na mboji linayeyuka kama sukari na maji yanakua tope. Kitu hichohicho ndo kinafanyika shambani kwako mvua kubwa ya Disemba ikinyesha, lile tope linaziba vitundu vya juu, maji yanakosa pa kuingia, yanakimbilia bondeni na mfuko wako wa DAP. Mimi hiki kipimo nakipenda kuliko vyote kwa sababu hata mtoto wa darasa la tatu akikiona anaelewa.

Nyungunyungu usiwahesabu sasa hivi. Kiangazi wanashuka chini sana kufuata unyevu, utahesabu sifuri ukate tamaa bure. Subiri mvua ziingie wiki mbili tatu, chimba shimo lilelile la 20 kwa 20 kwa 20 asubuhi, wahesabu kwenye kiroba kisha warudishe. Wakifika kumi na kuendelea mimi nafurahi, wakiwa wawili watatu nauliza maswali, na kama mpakani wapo kumi na tano shambani hakuna hata mmoja basi kuna kitu kinawafukuza, iwe njaa (umechoma mabua, wale nini?), dawa, au tindikali.

Ukimaliza hapo ndo nenda maabara, na unaenda ukijua unauliza nini. Ila sampo ndo kila kitu. Fikiria hivi, eka moja ukiihesabu kina cha sentimita 20 ni karibu tani elfu moja za udongo, wewe unapeleka nusu kilo, na mtu wa maabara anapima gramu chache tu kutoka kwenye hio nusu kilo, sasa hizo gramu zikitoka kwenye kichuguu majibu yote ni ya kichuguu. Tembea shambani kwa zigizaga, chukua sehemu 15 mpaka 20, kila mahali toa majani ya juu, chimba sentimita 20, kata kipande chembamba cha ukuta wa shimo kuanzia juu mpaka chini, tia kwenye ndoo. Kwepa vichuguu, njia, lilipokua zizi, chini ya miti, na pale ulipokua unaweka mifuko ya mbolea. Shamba likiwa na rangi mbili au mteremko na bonde, kila upande sampo yake. Changanya vizuri, mwaga juu ya nailoni safi, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana kwa kona, changanya tena, gawa tena, mpaka ibaki nusu kilo. Anika kivulini, sio juani wala jikoni.

Na ndoo iwe ya plastiki. Hili nalisisitiza kwa sababu limenikuta mwenyewe, mwaka mmoja nilikusanya sampo za kikundi kizima cha wakulima kwa ndoo ya bati maana ndo iliyokuwepo, majibu yakarudi zinki iko juu ajabu, ikabidi turudie upya na hela za watu zilikua zimeshaenda, wapo walionikasirikia na walikua na haki. Yale mabati yamepakwa zinki. Vilevile usifungashe kwenye mfuko uliobeba mbolea hata kama umeukung'uta.

Kwa huko uliko ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole au afisa kilimo wa kata yako akuelekeze pa kupeleka, maabara zingine kubwa za udongo ziko TARI Mlingano kule Tanga na chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro. Omba wapime pH (kipimo cha tindikali), kaboni ya udongo, naitrojeni, fosforasi, potashi, kalsiamu na magineziamu. Kama hela haitoshi vyote, pH na kaboni na fosforasi zisikosekane.

Swali: Kamwene! Mimi ni mama, nalima mahindi na maharage nje kidogo ya Njombe mjini. Nimepima udongo, karatasi inasema pH 4.8, fosforasi (Bray) 4, kaboni 3.2, chini wameandika weka chokaa. Sijaelewa. Udongo wangu ni mweusi mzuri juu na karatasi yenyewe inasema kaboni ipo ya kutosha, mbona mahindi yanakua ya zambarau na kudumaa? (Msomaji, Njombe)

Jibu: Kamwene mama, na hongera kwa kupima, wengi wanaishia kusema watapima.

Karatasi yako haijipingi, inasema vitu viwili kwa pamoja. Kaboni asilimia 3.2 ni nyingi kweli, ukiizidisha kwa 1.724, namba ya kugeuza kaboni kuwa mboji, unapata karibu asilimia 5.5 ya mboji, kuna mashamba huko tambarare hayafiki hata robo ya hio. Ila kwenu ni baridi, na baridi inawachelewesha wale viumbe wanaoozesha majani, kwahiyo mboji inajikusanya hata kwenye udongo ambao chini yake ni mwekundu na umeoshwa na mvua miaka maelfu. Weusi unakwambia mboji ipo. Haukwambii kama mmea unaweza kula.

Ugonjwa uko kwenye pH. Kipimo kinaanzia 0 mpaka 14, katikati ni 7, na kila unaposhuka namba moja tindikali inazidi mara kumi, sio mara mbili. Yaani 4.8 yako ina tindikali mara kumi ya jirani mwenye 5.8. Udongo ukishuka chini ya 5.5 aluminiamu iliyokua imejifungia kwenye mfinyanzi inaanza kuyeyuka, na inapozidi kushuka kuelekea 5 na chini yake ndo mizizi inaipata vizuri. Ng'oa mche mmoja msimu ujao uangalie, mizizi iliyopigwa na aluminiamu inakua mifupi minene, imevimba nchani, haina zile nywele. Mche wa hivyo hata ukiuwekea mbolea pembeni yake haifikii.

Na fosforasi 4 ni ndogo mno, kwa kipimo cha Bray chini ya 7 tunaita ni njaa. Hapo kuna wizi mwingine, chuma na aluminiamu za kwenye udongo mwekundu zinaikamata fosforasi na kuishikilia, na wenzetu wa Rungwe wenye udongo wa majivu ya volkano nao wanalo hilohilo, udongo mweusi mwepesi unaovutia macho ila ukimwaga DAP juu yake sehemu kubwa inakamatwa kabla mche haujaionja. Ile zambarau kwenye majani ndo njaa ya fosforasi. Angalizo dogo tu, mche mchanga ukipigwa na baridi nao unaweza kuwa zambarau kwa muda, ukipona baada ya wiki mbili tatu jua likitoka ilikua baridi, ukiendelea hivyo mpaka magotini ni njaa.

Sasa chokaa. Iwe ya kilimo, sio ya kupaka nyumba, na kama kwenye karatasi magineziamu nayo iko chini tafuta ile ya dolomaiti. Kiasi fuata maabara walichoandika, usichukue cha shoga yako, maana udongo wenye mfinyanzi na mboji nyingi unahitaji chokaa nyingi zaidi kuliko wa kichanga hata kama pH ni ileile. Isambaze shamba zima ndipo ulime ichanganyike sentimita 15 mpaka 20, ukiiacha juu inabaki juu. Fanya mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, na ujue inaanza kazi ikipata unyevu. Usiichanganye na DAP wala urea mkononi au kwenye shimo moja, naitrojeni inageuka gesi na kupotea, ile harufu inayochoma pua ndo hela yako inaondoka.

Fosforasi usiimwage, iweke kwenye shimo. Kiganja cha samadi iliyoiva, juu yake kisoda cha mbolea, funika na udongo kidogo ndo mbegu. Samadi inaikinga isikamatwe haraka. Mbolea ya Minjingu inafaa kwenye udongo wenye tindikali kwa sababu ni mwamba uliosagwa na ni tindikali yenyewe inayouyeyusha, ndo maana usiiweke siku moja na chokaa mahali pamoja, zitazuiana. Na kama umezoea kukuzia na SA (salfeti ya amonia) naomba uiache, mfuko mmoja wa kilo 50 wa SA unaacha tindikali ambayo ingehitaji kama kilo 55 za chokaa kuifuta. Tumia mbolea ya CAN.

Kwa wengine mnaosoma hapa, msikimbilie chokaa kwa sababu mama wa Njombe ameambiwa. Chai inapenda 4.5 mpaka 5.5, ukiiwekea chokaa unaiumiza. Viazi mviringo navyo vinavumilia tindikali na ukizidisha chokaa vinatoka na makovu ya magamba sokoni hakuna anayevitaka.

Swali: Nimeona kipimo cha kuchomeka ardhini chenye mshale, kinasoma pH na unyevu na mwanga, bei rahisi hata betri hakina. Ninunue? (Msomaji, Makete)

Jibu: Hapana dada, weka hio hela kwenye sampo moja ya maabara. Vile vya mshale vinabadilika kwa unyevu wa udongo, chomeka mahali palepale asubuhi na jioni baada ya kumwagilia utaona namba mbili. Kama kikundi chenu kina watu kumi kuna kipimo cha maji cha kuchanganya na unga wa rangi, au mita ya pH ya betri yenye kile kimiminika cha kuirekebishia, hizo mkichangia zinatumika miaka, mradi anayepima ni mtu mmoja makini na mnaitunza.

Swali: Mwanangu, kahawa yangu iko Mbozi tangu enzi za marehemu baba. Tumepiga mrututu na dawa zingine za kopa kila mwaka kwa ajili ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Siku hizi nikichimba chini ya mibuni sioni mnyoo hata mmoja, ila kwenye migomba upande wa pili wapo. Je, ile dawa inabaki ardhini? (Msomaji, Mbozi)

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Macho yako yamefanya kazi ambayo wengi tunailipia.

Inabaki, ndiyo. Dawa nyingi za mimea mwisho wa siku zinaliwa na bakteria na jua, lakini kopa ni shaba, ni metali, haiozi wala haivunjiki. Inadondoka na matone, inashuka na majani yanayopukutika, kisha mboji ya juu inaishika, kwahiyo haizami mbali, inajilundika kwenye zile sentimita chache za juu ambako ndiko nyungunyungu wanakula. Chungulia kitu kimoja tena. Pembua majani makavu chini ya mbuni, uone kama ya mwaka jana na ya juzi yapo bado, yamelaliana kama mkeka, chini yake mstari umejikata ghafla kisha udongo mgumu. Kwenye migomba hutakuta hivyo, pale majani yanavutwa chini na kuliwa, hujui jani linaishia wapi na udongo unaanzia wapi. Mkeka usioliwa ni dalili kwamba walaji wameondoka.

Ukipeleka sampo sema wazi unataka wapime kopa, maana kipimo cha kawaida cha pH na mbolea hakina. Chukua sentimita 10 za juu peke yake na 10 za chini peke yake, na nyingine kwenye migomba. Juu ikiwa imezidi mbali na kule kwenye migomba ikiwa kawaida, jibu umelipata.

Kuitoa hatuwezi ila kuifunga tunaweza. Kopa inakua kali zaidi udongo ukiwa na tindikali, kwahiyo usiache pH ishuke, na ongeza mboji na samadi iliyoiva, inaishika isizurure. Kisha tupunguze inayoingia, pogoa mibuni hewa ipite maana chulebuni inapenda pale penye giza na unyevu, na piga dawa kwa kuangalia hali ya ugonjwa, sio kwa kalenda. Sehemu unazofikiria kupanda upya, wapo watafiti wa kahawa wa TaCRI hapohapo Mbimba, wana miche ya aina zinazovumilia chulebuni na kutu, mzee wangu hilo litakupunguzia kupiga kuliko ushauri wowote nitakaoandika hapa. Kuhusu kahawa yenyewe usiogope sana, shaba nyingi mmea unaizuia kwenye mizizi.

Swali: Huku Mbarali kwenye majaruba yetu pembeni kunatoka ungaunga mweupe maji yakikauka, na mpunga wa kona hizo unaungua nchani. Ni chokaa? (Msomaji, Ubaruku)

Jibu: Dondoshea siki kidogo. Ikichemka kwa viputo kuna chokaa au magadi ndani. Isipochemka, na mpunga unaungua hivyo, hizo ni chumvi, maji yanapanda na jua linayanywa yanaziacha juu. Maabarani waambie wapime EC (kipimo cha chumvi) pamoja na pH. EC ikifika 3 hivi kwa dS/m mpunga unaanza kupata shida, ikipita 4 udongo tunauhesabu ni wa chumvi na mavuno yanashuka wazi. Dawa yake ni kuziosha kwa maji mengi masafi, ila pa kutokea pawepo, jaruba lisilo na mfereji wa kutoa maji ukilijaza unaongeza chumvi juu ya chumvi. pH ikipita 8.5 na udongo ukilowa unateleza kama sabuni, hio ni sodiamu, maji peke yake hayatoshi, hapo inatakiwa jasi, na tafadhali usianze bila mtu wa skimu ya umwagiliaji kuja kuona.

Swali: Kaka naomba msaada wa haraka. Nimekodi eka moja Ilula nataka kulima nyanya. Mwenye shamba alikua analima mahindi na nasikia amepiga dawa ya magugu yenye atrazini, tena chupa nyingi. Hela yote niliyonayo imeingia hapa. Kuna namna ya kujua kama udongo una sumu? (Msomaji, Iringa)

Jibu: Ipo mdogo wangu, na haina gharama. Kupima mabaki ya dawa maabarani ni ghali, lakini nyanya yenyewe ni kipimo kizuri kuliko mashine, kwa sababu inaumia hata dawa ikiwa kidogo sana.

Kata chupa nane za maji ya kunywa, zitoboe chini (usitumie chupa za dawa hata zimeoshwaje). Nne zijaze udongo wa hilo shamba, uliochota sehemu sita saba tofauti kina cha sentimita 10 ukachanganya. Nne jaza udongo wa rangi na aina ileile kutoka mahali ambapo una uhakika dawa haijawahi kupita. Panda mbegu kumi za nyanya kila chupa, na kama una maharage weka chupa mbili zaidi kila upande. Maji sawa, jua sawa, ziandike kwa maka peni usije ukachanganya.

Sasa sikiliza hapa maana ndo watu wanakosea. Atrazini haizuii mbegu kuota. Siku ya saba chupa zote zitakua zimeota vizuri na utataka kushangilia, usishangilie, hii dawa inaua kwa kuzuia jani lisitengeneze chakula kwa jua, kwahiyo mche unaishi kwa akiba ya mbegu kwanza. Subiri majani halisi yatoke. Kama dawa ipo utaona majani ya chini yanaanza njano pembezoni, ukingo unakauka kama umeunguzwa na moto, kisha yanafuata ya juu, huku chupa za upande wa pili ziko kijani. Wiki tatu zinatosha. Zikifanana pande zote, endelea. Zikitofautiana, usipeleke hata mche mmoja pale msimu huu, panda mahindi au mtama ambayo hayaumii na atrazini, ongeza samadi, na unyevu na joto vikija bakteria wataendelea kuivunja. Mwombe na mwenye shamba akuambie alipiga lini na aliweka kiasi gani, lebo ya hio dawa huwa inaeleza usubiri muda gani kabla ya kupanda mboga.

Nikuulize na kitu ambacho hujakiuliza, kabla ya mahindi palilimwa nini? Kama ni nyanya au viazi mviringo, tafuta mnyauko bakteria, maana wenyewe unakaa ardhini miaka na unapita kati ya nyanya, viazi, bilinganya na pilipili. Zunguka upande wa bondeni uone kama kuna miche ya nyanya iliyojiotea. Ukikuta mmoja umenyauka ghafla ungali kijani, kata shina karibu na ardhi, lisimamishe kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa, ncha iguse maji tu. Ndani ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye shina, huo ndo wenyewe, na hapo hata udongo uwe na mbolea kiasi gani nyanya usipande.

Sia mbegu kitaluni leo, mbali na hilo shamba, na zile chupa za kipimo uziandae leoleo. Miche inakaa kitaluni kama wiki nne, wakati inafika kuhamishwa chupa zako zitakua zimeshajibu na utajua unaipeleka Ilula au unaiuza.